Isipokuwa Moto na Mazishi

Asubuhi ile karani wa mtawala alipofika Tsukabara, Nui alikuwa jikoni kwa baba mkwe wake, amemfunga mwanawe mgongoni, anakata figili za chumvi. Ilikuwa siku njema ya vuli. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mji mzima ulinuka majani makavu na pombe mpya ya mchele, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumnunia mwenzake.

Baba mkwe wake, Mataemon, alikuwa jumbe wa mji kama baba yake na babu yake. Kama kuna kitu alichokipenda kuliko pombe, ni kusikilizwa. Sasa mtawala alikuwa ameagiza kila mji ulio chini ya ngome yake ueleze historia yake, tangu zama za kale mpaka leo, na Mataemon alivimba kichwa hata kofia ikawa haimtoshi. Aliwakusanya wakuu wa nyumba zote sebuleni, akamketisha karani mahali pa heshima, akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe. Hilo halikuwa limeonekana tangu azaliwe.

"Zamani hizo, Mheshimiwa," alianza, "alitawala hapa mfalme mwema kupita kiasi. Alipofariki akajengewa kile kilima unachokiona nyuma ya hekalu. Na kwa wema wake hakutaka mtumishi wake hata mmoja afe pamoja naye. Wakazikwa watu wa udongo badala yao."

"Vizuri," karani alisema, akatafuna figili. "Endelea."

"Zikaja zama za vita. Jeshi la adui likauzingira mji wetu majira yote ya baridi. Babu wa babu zangu akafungua ghala lake, akagawa mchele kwa kila nyumba, kubwa kwa ndogo. Hakufa mtu. Ndiyo maana mpaka leo, katika amani hii ya watawala wetu, sisi Tsukabara tunaishi kama mtu na ndugu yake."

Mtu mmoja akakohoa. Nui alikijua kikohozi kile hata kabla ya kuchungulia mlangoni. Alikuwa Uhei, baba yake mzazi, fundi wa kutia nguo rangi ya nili, mwenye mikono iliyokuwa buluu mpaka viwikoni tangu ujana wake.

"Jumbe," Uhei alisema, "hapo umetia chumvi mpaka supu hainyweki."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Lakini Uhei hakuwa akitania. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo kama alivyonyoosha vitambaa vyake kambani, na hakujua kuacha kunjo.

"Babu yangu alipochimba mashimo ya kufukia makasiki yetu, ile mitungi mikubwa ya nili, kule chini ya kilima, aliwakuta hao watu wa udongo. Hilo kweli. Ila chini yao alikuta mifupa, imesimama wima, mikono imefungwa nyuma. Na wakati wa vita, mchele haukugawiwa. Nyumba za mtaa wa chini zilitolewa nje ya lango, wazee na watoto, theluji magotini, ili waliobaki ndani washibe. Waliobaki wakaambiwa: msiwatazame, msiwajibu. Wale wa nje waligonga lango mpaka wakanyamaza. Bibi wa bibi yangu alikuwa mtoto, alilala chini ya maiti ya mama yake akapona. Mtawala kataka historia. Historia ndiyo hiyo."

Brashi ya karani ikasita juu ya karatasi. Kisha karani akafunga vifaa vyake, akasema mji huu umejaliwa wasimuliaji wengi, akaaga. Mataemon alimsindikiza mpaka barabarani akiinama na kutabasamu. Aliporudi hakuwa na tabasamu.

Kabla jua halijatua, nyumba ya Uhei ilikuwa imetengwa.

Kwetu, kutengwa si kupigwa wala kufukuzwa. Ni kufanywa hewa. Hakuna anayesema nawe, anayekutazama, anayekuuzia wala kununua kwako. Mkikutana njiani mwenzako hakwepi, anakuja moja kwa moja kana kwamba njia ni tupu, na wewe ndiye unayeruka mtaroni. Mambo mawili tu hayamo, moto na mazishi. Nyumba yako ikiungua watakuja kuuzima, na ukifa watakuja kukuzika. Si huruma. Moto hauchagui paa, na maiti inanuka kwa majirani wote.

Kahei, mume wa Nui, alimletea habari hiyo mkewe akiwa amekaa pembeni ya kikapu cha majani ya mpunga alimolala mtoto wao, Senta.

"Nui, nisikilize. Baba kasema ukiwajibu wazazi wako hata neno moja, unarudi kwenu siku hiyo hiyo."

"Nitarudi, basi."

"Na Senta anabaki hapa."

Nui alimtazama mtoto. Alikuwa ndiyo kwanza ameota jino la kwanza. Kahei hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlaini tu, na ulaini wake haukuwahi kumsaidia mtu yeyote.

"Hata kwa kichwa?" Nui aliuliza. "Hata kumwitikia mama yangu kwa kichwa?"

"Hata kwa kichwa."

Mwanzoni alidhani angeweza. Mama yake, Tsuya, alikuwa akija kuteka maji wakati uleule aliokuja yeye, akisimama mbali kidogo na wanawake wengine. "Nui, umekonda," alikuwa akisema. "Unakula lakini?" Nui alimpa kisogo na kuvuta kamba ya ndoo. Kisogo kilimuwaka kama kimewekewa kaa la moto, lakini hakugeuka.

Aliyemkata maini ni Ito, mdogo wake. Ito alikuwa bado mtoto wa kukimbiza vipepeo, mikono yake imeanza tu kukolea buluu, na hakuelewa kutengwa ni nini. Alidhani dada yake anacheza mchezo wa kunyamaza. Alimzunguka kisimani, akamtolea ulimi, akajifanya nyani, akajifanya Jumbe Mataemon akitembea na tumbo lake. Wanawake wote walitazama ardhi, na mmoja wao aliuma mdomo asicheke.

"Dada hacheki!" Ito alisema. "Dada mgumu! Haya, tuone." Akapanda jiwe la kisima, akamziba dada yake masikio kwa viganja vyake baridi. "Sasa Dada hasikii. Dada hasikii, Dada haoni!"

Nui alibeba ndoo zake akaondoka. Alilia alipofika nyuma ya ghala, kimya, mkono mdomoni.

Kisha theluji ikaanguka, na Ito hakuonekana tena kisimani.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Tsuya akaja mpaka mlango wa jikoni. Mataemon alikuwa ameketi pembeni ya jiko lililochimbwa katikati ya sakafu, anajipasha miguu. Nui alikuwa anapanga bakuli. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu, palikuwa na sanduku la dawa ambalo mchuuzi wa dawa huliacha katika kila nyumba yenye uwezo.

"Nui," Tsuya alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ito ana homa. Anakuita wewe. Sitaki chakula, mwanangu, wala sitaki maneno. Iangushe tu ile dawa ya homa hapa kizingitini. Iangushe kama imekuponyoka. Nitaokota."

Nui alinyoosha mkono kama anayetaka kupangusa rafu. Vidole vyake viligusa kona ya sanduku.

"Nui," Mataemon alisema, taratibu, kwa upole kabisa, akimchezesha Senta gotini mwake. "Maji yamechemka. Hutaki mtoto wako apate uji?"

Alikuwa akimwita Senta *mtoto wako* kwa mara ya kwanza. Siku zote alisema *mjukuu wangu*.

Nui akashusha mkono. Akaenda kwenye birika.

Tsuya alisimama pale kizingitini kwa muda mrefu. Theluji ilimwangukia mabegani ikawa haiyeyuki. Alipoondoka hakuacha laana wala kilio. Alisema tu, "Haya," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Haikupita muda akarudi. Safari hii hakuja jikoni, alisimama langoni asubuhi, familia nzima ikiwa kwenye kifungua kinywa, mlango wa karatasi uko wazi.

"Nyumbani kwetu kuna msiba," alisema. "Njooni mzike."

Kahei aliweka bakuli chini. Msiba ni msiba, na sheria ilikuwa wazi. Lakini Mataemon aliendelea kutafuna.

"Upepo wa leo una kelele," alisema.

"Baba," Kahei alinong'ona. "Kasema msiba."

"Nani kasema? Mimi sijasikia mtu." Kisha akanyoosha kidole kule chini ya kilima. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka paa la Uhei, moshi wa jiko linalopasha makasiki ya nili wakati wa baridi. "Nyumba yenye maiti haitii nguo rangi. Kuna watu wanadhani sisi ni wajinga. Wanataka tuwafungulie mdomo mara moja, kisha waseme kutengwa kumekwisha. Kula uji wako."

Kahei akala uji wake.

Asubuhi iliyofuata Tsuya alisimama langoni tena. "Nyumbani kwetu kuna msiba. Njooni mzike." Na iliyofuata. Mji mzima ulimsikia, na mji mzima ulitazama moshi, ukasema moyoni kwamba Jumbe anajua. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, anakaa mkabala na lango lile. Alisema sauti ile haikupanda wala kushuka siku hata moja.

Nui ndiye aliyenusa. Alikuwa mtoto wa nili, alikulia juu ya mifuniko ya makasiki. Nili iliyo hai hunuka mkojo na majivu, harufu kali lakini yenye uzima. Nili ikikosa joto na kukorogwa, hufa, na harufu yake hubadilika. Siku hiyo upepo ulitoka kilimani, naye alikuwa anaanika nepi za Senta. Harufu ikamfikia. Nili ilikuwa imekufa. Na moshi ulikuwa bado unatoka.

Akachukua kapu la nguo chafu, kama anayekwenda kufulia mtoni, akapita nyuma ya kilima.

Ua wa kwao ulikuwa na theluji safi. Hapakuwa na unyayo wa kuingia wala wa kutoka. Alisimama akiutazama weupe ule. Mama yake alikuwa langoni kwa Jumbe asubuhi hiyo hiyo, na tangu jana theluji ilikuwa haijaanguka tena.

Aliingia. Jiko lilikuwa baridi. Majivu yalikuwa yameganda, na theluji iliyopenya kwenye tundu la paa ilikuwa imetanda juu yake. Akainua macho. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye tundu lile, mwembamba, taratibu. Haukutoka popote.

"Mama?" aliita. Lilikuwa neno lake la kwanza kwao tangu vuli.

Makasiki yalikuwa yamefukiwa sakafuni mpaka shingoni, kama siku zote. Matatu yalikuwa yamefunikwa kwa mifuniko ya mbao, na juu ya kila mfuniko kulikuwa na jiwe. Kwetu maiti huzikwa ameketi, magoti kifuani, ndani ya pipa la duara. Nui alilijua hilo. Alijua pia kasiki la nili lina upana gani. Aliondoa jiwe la kwanza.

Ito alikuwa ameketi ndani, nywele zimechanwa vizuri, ameinamisha kichwa. Alikuwa buluu mpaka kidevuni.

La pili lilikuwa la baba yake.

La tatu hakutaka kulifungua. Akalifungua. Mama yake alikuwa ameketi kama wenzake, mikono magotini, macho wazi. Hakuwa amekufa jana wala juzi. Nui alirudisha mfuniko, akarudisha jiwe kwa shida maana lilikuwa zito kwa mtu mmoja, na hapo tu ndipo swali lilipomjia. Mama alimzika Ito. Mama alimzika baba. Nani aliyemfunika mama, akamwekea jiwe juu kutoka nje?

Alikimbia. Mtoni alisugua mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Buluu ikabaki kwenye kucha.

Alipofika nyumbani alimvuta Kahei nyuma ya ghala. "Wamekufa," alinong'ona. "Wote. Hata yeye."

Kahei alimtazama mikono. Kisha akatazama kwingine. "Umejuaje?"

Nui alifungua mdomo. Kujibu ni kusema alikwenda. Kusema alikwenda ni kumwacha Senta.

"Umejuaje, Nui?"

Nui akazificha kucha zake.

"Basi hujui," Kahei alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Asubuhi iliyofuata Tsuya alikuja. Hakusimama langoni. Alisimama katikati ya ua.

"Nyumbani kwetu kuna msiba. Njooni mzike."

Nui alijua sasa anayesema ni nani. Alijua alipolala. Alikaza macho kwenye bakuli lake na punje za wali zikawa zinaogelea. Angeweza kusimama akasema, Mama, tunakuja. Neno moja. Alimfikiria Senta akiamka na kulia, na mlango umefungwa, na yeye yuko nje ya huo mlango. Akameza wali.

Kesho yake Tsuya alikuwa kizingitini. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye mikono, meusi kwa ubuluu, yakifanya dimbwi dogo sakafuni.

Kesho yake alikuwa ndani.

Alisimama kati ya jiko na kikapu cha Senta. Mataemon alikula. Kahei alikula. Walikuwa wamefanya mazoezi mazuri majira yote ya baridi, na sasa hawakuona kitu kweli, au walijua kutoona. Senta aliinua uso, akamwona bibi yake, akacheka, akamnyooshea mikono.

Nui alisimama. "Naenda kuteka maji," alisema, na hakuna aliyeinua macho. Alitaka kumbeba mtoto aende naye. Lakini mtoto alikuwa upande wa pili wa mama yake, na kumkwepa mama ni kumwona. Akaenda peke yake.

Alikuwa amerudi mlangoni na ndoo zake Mataemon alipoinuka kufuata birika. Tsuya alikuwa njiani. Mataemon hakukwepa. Katika mji wetu aliyetengwa ndiye anayekwepa, na Jumbe hakuwahi kupindisha hatua yake kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja, kifua mbele, macho yamepita juu ya kichwa cha yule mwanamke.

Safari hii Tsuya hakukwepa.

Ilikuwa kama kugonga ukuta. Mataemon alirudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye ukingo wa jiko, akaanguka na mgongo juu ya makaa. Birika likapinduka. Makaa yakarukia mkeka, moto ukarukia mlango wa karatasi. Upepo wa mlimani ukapokea. Jikoni kukawa moto mtupu kabla Nui hajaangusha ndoo.

"Senta!"

Kahei alikuwa ametokea dirishani, nyusi zimeungua. Alimkamata mkewe kiunoni. Nui alimng'ata mkono mpaka damu, lakini hakumwachia. Kengele ya hekalu ikalia. Watu wakaja mbio na ndoo na ngazi, maana moto ni moto.

Na wale nao wakaja, kwa kuwa sheria haikuwatoa kwenye moto.

Walishuka kutoka kilimani wakitembea bila haraka. Uhei mbele, Tsuya nyuma yake, na Ito mwisho. Kila mmoja alibeba ndoo ya maji ya buluu. Walipita katikati ya watu, na watu wakatazama chini. Hakuna aliyewapisha, hakuna aliyewagusa. Kutengwa kulikuwa hakujaondolewa. Mwenye uwezo wa kuondoa kutengwa huko alikuwa ndani anaungua.

Waliingia kwenye moto kama mtu anavyoingia dukani. Moto ukapungua. Ukafifia. Ukazimika kwa mlio mrefu, na moshi uliotoka ulikuwa mwembamba, taratibu.

Walipotoka, Uhei na Tsuya walikuwa wamebeba pipa kwenye mti, mabegani. Ndani ya pipa alikuwa Mataemon. Nywele zilikuwa zimekwisha na ngozi ya mgongo ilikuwa inaning'inia. Lakini alikuwa hai. Macho yalikuwa yanazunguka.

"Nishusheni!" alipiga kelele. "Mimi sijafa! Kahei! Kahei, mwanangu!"

Moto ulikuwa umekwisha. Yaliyobaki yalikuwa mazishi.

Walimpitisha barabara kuu, mbele ya milango yote. Aliita kila mtu kwa jina. Alimwita muuza pombe, alimwita mtawa wa hekalu, alimwita babu yangu. "Nitazameni! Jamani, nitazameni tu!" Na hakuna aliyemtazama, kwa sababu kumtazama yeye ni kuwatazama waliombeba, na yeye mwenyewe alikuwa amekataza. Babu alisema aliitazama kamba ya kiatu chake mpaka sauti ikapita. Kahei aligeukia ukuta, akaegemeza paji la uso.

Ni Nui peke yake aliyetazama, kwa sababu Ito alikuwa nyuma ya pipa. Na mgongoni kwa Ito, amefungwa vizuri kwa kitambaa, alikuwa Senta, mzima, bila hata masizi.

"Ito!" Nui alimkimbilia. "Ito, mdogo wangu! Nipe mtoto!"

Ito aliendelea kutembea.

"Ito, ni mimi. Ni Dada. Naongea sasa, unasikia? Naongea!" Alimpita, akasimama mbele yake, akapiga magoti kwenye theluji, akatoa ulimi, akafanya uso wa nyani huku machozi yanamtoka. "Tazama! Dada anacheka. Tazama, Ito!"

Ito alikuja moja kwa moja, macho yamepita juu ya kichwa chake. Nui ndiye aliyeangukia mtaroni.

Makaburini shimo lilikuwa tayari. Mfuniko ukawekwa. Sauti ya Mataemon ikawa ndogo. Pipa likateremshwa, udongo ukarudi. Nui alifika anahema, na alipofika hapakuwa na mtu. Palikuwa na tuta jipya la udongo, na juu yake ameketi Senta, halii.

Alimnyakua, akamkumbatia, akambusu kichwa kizima. Nyuma ya masikio ya mtoto kulikuwa na alama za vidole vidogo, buluu.

Chini ya miguu yake kitu kikagonga.

Mara moja. Kisha tena. Kilikuwa kigumu, cha haraka, kama mtu anayegonga lango. Jembe la wachimba kaburi lilikuwa limeegemezwa pale pale, mkono ungelifikia. Nui alimbana mtoto kifuani. Akatazama mbele. Akaondoka, na hakugeuka.

Mji ulisema Jumbe alikufa motoni. Wale watatu walizikwa makaburini kwa heshima zote, na mtawa alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kahei akawa jumbe. Historia iliyofika kwa mtawala ilikuwa ile ya mfalme mwema na mchele uliogawiwa, na nasikia ilisifiwa.

Alama za Senta hazikutoka kwa maji wala kwa majivu. Na Nui aligundua mapema kuliko alivyotaka. Mtoto alimcheka baba yake, alimcheka muuza pombe, alimcheka hata mbwa. Mama yake akiita, hakugeuka. Mama yake akisimama mbele yake, alitazama nyuma yake. Alinyonya macho yamefumbwa. Alijifunza kusema, akasema na mji mzima, naye hakumwambia mama yake neno. Wakikutana kwenye ujia alikuja moja kwa moja, na Nui ndiye aliyejibana ukutani.

"Senta, umekonda," Nui alikuwa akimwambia mwanawe, kijana sasa. "Unakula lakini?"

Senta alifunga viatu vyake, akatoka.

Nui alizeeka hivyo. Siku ya mwisho ya ugonjwa wake alimwita mwanawe tangu asubuhi. Senta aliketi chumba cha pili na mkewe, wanakunywa chai. Mkewe, ambaye hakuzaliwa kwetu, alishindwa kuvumilia. "Mume wangu, mama anakuita."

"Upepo wa leo una kelele," Senta alisema.

Jioni chumba kilinyamaza, na hapo Senta akainuka. Alifanya yote kwa mikono yake. Alimwosha, alimchana nywele, alimketisha ndani ya pipa. Babu yangu, mzee tayari, alikuwa mmoja wa waliosimama kando ya shimo. Alisema Senta aliinama juu ya pipa, akamtazama mama yake usoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayempenda.

"Mama," alisema. "Tumekuja kukuzika."

Kutoka ndani ya pipa sauti nyembamba ikasema, "Senta?"

Babu aliitazama kamba ya kiatu chake. Wote walitazama chini. Walisikia mfuniko ukifungwa, kisha jiwe likiwekwa juu yake. Walipoinua macho, Senta alikuwa upande wa pili wa shimo, amenyoosha mikono kuomba jembe. Nyuma ya masikio yake ngozi ilikuwa safi. Na juu ya jiwe, mbichi bado, kulikuwa na alama za buluu za viganja viwili vidogo.